Miguu ya Mama Pasi

Kwenye nyumba ya wageni walimwita Mama Pasi, kwa miaka kumi na tisa ya kunyoosha mashuka kwa kusimama. Kesho alikuwa na mtihani wa kisomo cha watu wazima. Mwaka jana tamathali za usemi zilimwangusha, na alishaapa kwamba akianguka tena, daftari atalitumia kuwashia jiko.

Basi jioni hiyo binti yake akamketisha kitandani. "Haya mama, tashbihi?"

"Ile yenye 'kama'. Mvivu kama wewe."

"Na sitiari?"

Hapo ndipo alipokwama siku zote. Akavua viatu polepole. "Niache, mwanangu. Miguu yangu ni magogo."

"Ndiyo hiyo! Umesema bila 'kama'. Hiyo sitiari."

"Sitiari gani? Hebu ishike."

Binti akaishika miguu. Ilikuwa imevimba, mizito, haikunjiki. Akaenda kuchemsha maji ya chumvi.

Kesho yake, swali la tatu liliomba mfano wa sitiari. Mama Pasi akaandika magogo yake taratibu, kisha pembeni, kwa herufi ndogo, akaongeza: na ni kweli.