Chupa Baridi ya Bibi Ethel

Yeremia, mpishi wa nyumba ya afisa wa serikali pale Newala, alizaliwa Lisekese, mwana wa mwalimu wa kanisa. Divai aliyoijua ni ile tamu ya altareni tu, hadi mwaka wa hamsini na moja, Bibi Ethel, mke wa afisa, alipomwonjesha divai iitwayo Shabli jikoni. Yeremia alikunja uso. Ilikuwa nyeupe, kali kama ndimu changa, haina chembe ya utamu.

Bibi alicheka. "Imetoka Ufaransa. Usiinywe peke yake, itafutie mwenzake."

Wakamtafuta pamoja. Nyama ya ng'ombe iliizima. Pilipili iliitia uchungu. Lakini perege wa Ruvuma, akikaangwa kwa siagi na kukamuliwa ndimu, alipatana nayo mno. Vilevile chaza walioletwa na lori kutoka Mikindani, hata korosho zenye chumvi. Sharti moja Bibi hakulilegeza: chupa iwe baridi. Aliizungushia kitambaa kilicholowa, akaiweka dirishani penye upepo. Maji ya Newala yalipandishwa kichwani kutoka bondeni, lakini kitambaa kile hakikukosa kikombe chake.

Masika yaliyofuata Bibi alifariki kwa homa, akazikwa Masasi. Mumewe alirudi kwao, akaacha chupa sita stoo.

Oktoba, afisa mpya alialika wageni wa chakula cha mchana. "Yeremia, nimeona Shabli stoo. Tupe moja, na samaki."

Tangi la mvua lilikuwa limebaki vumbi. Stamili, mama yake Halfani, mchota maji aliyeajiriwa baada ya msiba, alitua debe lililofika nusu.

"Baba Lois," alimwambia Yeremia, "chemchemi inakauka. Ya leo ni haya tu."

"Ahsante, Mama Halfani. Yatatosha kupikia."

Ya kitambaa hayakuwepo. Yeremia aliisimamisha chupa dirishani vivyo hivyo, akaipa mgongo, akashughulika na perege.

Alipogeuka, chupa ilikuwa imevikwa kitambaa, nacho kilidondosha maji. Alichungulia debe, maji yalikuwa palepale kwenye nusu. Sakafuni, kutoka dirishani hadi mlango wa chumba cha kulia, kulikuwa na nyayo za maji za kiatu chembamba. Zilikuwa zikikauka moja moja, za dirishani kwanza.

Aliita nje. "Mama Halfani! Umeingia humu?"

"Mimi? Niko huku nje nachambua mchele. Kaingia yule Mzungu mwanamke, mwembamba. Nimemwamkia, hakuitikia. Si mgeni wa Bwana?"

Wageni walikuwa hawajafika. Motokaa yao ilisikika robo saa baadaye.

Yeremia aliishika chupa. Baridi yake ilimuuma kiganja. Alionja mchuzi wa samaki: ndimu ilikuwa imezidi kidogo, kama alivyopenda Bibi, wala si yeye aliyeiongeza. Akaandaa meza.

Wageni walikula hadi mifupa. Bwana aliinua glasi. "Umeipozaje na ukame huu?"

"Kuna mkono uliosaidia, Bwana."

Bwana alicheka, akadhani anamsifu Stamili.

Jikoni, Yeremia alivua kofia. Alisema polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Bibi, wamekula vizuri. Kazi imekwisha. Pumzika."

Harufu ya ndimu iliyokatwa ilimpita usoni, ikatoka dirishani.

Jumapili alikwenda Masasi, akamweleza Padre Danieli yote. Padre hakumcheka. Walisimama kaburini pamoja wakasali, na Yeremia akalia, maana siku ya mazishi alikuwa jikoni akiwapikia waombolezaji, hakupata nafasi.

Aliendelea na kazi Newala miaka minne, kisha akarudi kwao kuwapikia walimu wa misheni. Alikuwa mpishi hodari, mwenye maneno machache. Ila jiko lake alilihamisha akalielekeza dirishani, na mtu akimuuliza sababu, alisema anapenda kumwona anayeingia.