Nilimwambia Karibu

Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Manyunyu tangu alfajiri, mtaa wetu wa Sparkhill wote kijivu. Upepo hakuna, na kwetu siku hizi hiyo ndiyo neema.

Haya yalinitokea mimi, mchana, nikiwa na akili zangu. Sikusoma sana na huenda nikakosea kuyapanga, lakini sitaongeza kitu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Mwezi wa Mei nilinunua bawa jipya la kurukia. Ni kama tiara kubwa ya kitambaa. Unajifunga chini yake kifudifudi, unakimbia mteremkoni, upepo unakubeba. Kabla ya hapo nilikuwa nikijifunza kwa bawa la kuazima. Mke wangu Zuhura alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Salha, wanaume wa umri wako wananunua kapeti. Wewe unanunua mbawa."

"Kapeti litanipeleka wapi?"

"Litakubakisha nyumbani."

Salha ni binti yetu, ana miaka minane. Kazaliwa hapa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza.

Kilima tunakorukia kiko mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Mwalimu wangu, Mwingereza mpole, alinikagua kamba, akaniambia nikimbie. Nikaruka vizuri. Niamini, ilikuwa furaha ambayo sijaipata tena. Kisha sauti ya upepo ikakatika, kama mtu kafunga dirisha.

Kushoto kwangu alikuwako mtu. Hakuwa na bawa. Amelala kifudifudi juu ya hewa tupu kama aliyejilaza mkekani, kidevu mikononi, miguu mitupu.

"Masalkheri," akasema, kwa Kiswahili cha kwetu Unguja hasa.

Wewe ungefanyaje? Mimi nimelelewa kuitikia salamu. Nikaitikia.

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mtoto?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Huku hawasalimiani," akasema. "Wananipita tu."

Nilimwonea huruma, sifichi. Bonde lilipokaribia nikamwambia lile neno ambalo sote tunalisema tukiagana, hata na mtu tuliyekutana naye dukani: "Haya, karibu nyumbani."

Mtu wa kwetu akikaribishwa hivyo anajua la kujibu. Ahsante, siku nyingine. Yanaisha hapo, kila mmoja na njia yake. Huyu alinitazama kwanza, kisha akasema taratibu, "Nimeshakaribia."

Papo hapo bawa likawa zito. Nilishuka kwa kishindo nikachubuka magoti.

"Umetua kama umebeba abiria," mwalimu akasema. Nimpe haki yake, alikuwa anatania, na bawa jipya huwasumbua wengi. Nilipomuuliza, alisema hakuona mtu mwingine angani, na si mtu wa kusema uongo.

Njiani kurudi nyumbani kengele ya mkanda wa gari ikalia, ile ya kiti cha abiria. Kiti kilikuwa kitupu. Gari ni kuukuu, labda ni waya, sina hakika. Ililia mpaka Stratford Road, nimekwama nyuma ya mabasi, nikachoka. Nikafunga mkanda juu ya kile kiti kitupu. Ikanyamaza.

Salha ndiye aliyenifungulia mlango. Mtoto huyu tumemsihi miaka aamkie wageni, hataki. Siku ile alitazama nyuma ya bega langu, akanyoosha mkono.

"Shikamoo," akasema. Kisha akasogea pembeni, kumpisha mtu apite.

Tangu hapo huzungumza peke yake kwenye ngazi, kwa Kiswahili, na maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia kwa bibi yangu. Nasi hasemi kabisa. Upepo ukivuma hupanda juu, akasimama dirishani na mikono kaitanua kama mbawa. Dirisha nimelipigilia misumari. Zuhura hulala mlangoni pake.

Tulimwita shekhe, akasoma, na siku mbili nyumba ilitulia, namshukuru. Lakini wakati wa kuondoka alininong'oneza: "Huyu hakuvamia. Ulimkaribisha." Kila siku namwambia mgeni wangu aende zake. Bawa nimelikatakata vipande. Labda ningemwambia kitu kingine kule juu. Labda ingekuwa vilevile, sijui.

Wewe unayesoma, ukisalimiwa mahali pasipo na watu, itikia ukipenda. Lakini usimkaribishe mtu nyumbani kwa mazoea tu.

Jioni hii Zuhura kapika wali wa nazi, samaki wa kupaka na mchicha. Tulikula wawili. Salha aliisukuma sahani yake mbele ya kiti kisicho na mtu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi akatusemesha.

"Mgeni kanikataza kula," akasema. "Anasema bado mimi mzito."