Dole Gumba Chini ya Matumbawe

Mwizi wangu aliniibia asubuhi, jioni akaja kunikanda mgongo.

Msicheke. Yamenikuta mimi mwenyewe, bibi kizee mwenye wajukuu tisa na meno manne.

Kazi yangu ni kusugua matumbawe kwa mswaki. Ndiyo, mswaki. Kwa meno haya niliyobaki nayo, nimeona heri nisugue ya bahari.

Tulikuwa wawili. Mimi na shoga yangu, tunayemwita Marashi kwa sababu hujipulizia hata akienda kwenye tope. Kila mmoja alikuwa na meza yake ya chuma majini, pale mto unapomwaga uchafu wake. Juu ya meza vimepangwa vipande vya matumbawe, kila kimoja kimegandishwa kwenye kitako cha saruji.

Vyangu vililetwa kutoka maji safi ya nje. Vyake alivitoa humo humo topeni.

Miaka minne tunaondoa mwani na kuwasengenya wakwe zetu.

Halafu mtaalamu, mwanamke mfupi asiyecheka, akatuambia: "Mradi unapunguzwa. Meza ambayo matumbawe yake yatataga mayai msimu huu, kwenye maji haya ya moto na tope, ndiyo itakayobaki. Na mtunzaji wake."

Mmoja tu. Kwa umri wetu, nani mwingine angetuajiri?

Joto likapanda. Vipande vyangu vikawaka zambarau na buluu, kama taa za harusi. Vya Marashi vikabaki kahawia, rangi ya ugoro.

"Shoga, una mkono wewe!" akasema. Jicho lake likaganda kwenye meza yangu.

Siku mbili baadaye sikwenda kazini. Nilisema mgongo.

Jioni akaja na chupa ya mafuta. "Lala kifudifudi, bi harusi. Meza yako nimekusugulia."

Nilikuwa na neno la kumwambia, lipo ncha ya ulimi. Lakini chini ya marashi yake nikasikia harufu ya ute, ule yanaoutoa matumbawe yakishikwashikwa. Anayesugua kwa mswaki hashiki. Anayehamisha ndiye anayeshika.

Neno nikalimeza.

Asubuhi nikakuta meza yangu kahawia tupu. Ya kwake inawaka.

"Rangi zangu zimekwenda wapi?"

"Bahari hiyo, shoga. Jana vile, leo hivi."

Nikapitisha kidole chini ya kitako kimoja. Laini. Cha pili. Laini.

Asilolijua ni kwamba siku tulipomimina saruji, nilibonyeza dole gumba chini ya kila kitako changu, kwa utundu tu.

Nikajifanya nimeteleza, nikajishikiza kwenye meza yake, nikapapasa chini. Dole gumba langu lile pale, limenisubiri.

Huyu ndiye aliyenilisha uji kwa kijiko nilipomzika mwanangu.

"Una mkono, shoga," nikamwambia.

Wiki ya tatu meza yake ikawa nyeupe pe, kama mifupa. Na kwenye yangu, siku chache baada ya mwezi mpevu, tukakuta asubuhi vichembe vya pinki vinaelea juu ya maji ya rangi ya chai.

Mayai. Mtaalamu asiyecheka akacheka.

Marashi akanifuata njiani. "Ulijua."

"Nilijua nini?"

"Kwamba yale ya rangi yanakufa."

Sasa niwaambie ukweli. Siku moja kabla sijalala kitandani, mtaalamu alinivuta pembeni: "Bibi, rangi hizo si afya, ni homa. Ya mwenzako yamezoea tope, ya kwako yataungua." Mgongo ulikuwa mzima. Nilikuwa naililia kazi yangu.

"Ulipoingia na yale mafuta," nikamwambia, "nilikuwa natafuta pa kuanzia nikupongeze. Ulikuwa umeshinda."

Akanitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mikono ile iliyokuwa mgongoni kwangu ilinuka ute. Ningemwambia nani?"

Akakaa pale pale mchangani. Siku hiyo hakunukia chochote.

Mniulizapo somo, ni hili: kabla hujamwibia rafiki yako, muulize kwanza analia nini.

Mimi kazi ninayo. Na mgongo sasa unauma kwelikweli. Nimejaribu kujikanda mwenyewe.

Mkono haufiki.