Hita Iliyozikwa Mlimani

Siku ya nne bila maji ya moto, Ardith Kuzniar alioga kwa kikombe, maji aliyoyachemsha kwenye sufuria ya tambi, na chini ya miguu yake treni zikipita. Katika nyumba nyingine za Altoona, chumba cha chini kina mashine ya kufulia na maboksi ya mapambo ya Krismasi. Chake kina mita mia na sitini za reli ndogo ya mfano, stesheni tisa, na milima ya Pennsylvania iliyogusa dari. Delmar, mumewe, aliianza mwaka aliostaafu kutoka karakana ya reli, akasema ni kazi ya majira ya baridi moja tu. Sasa ni miaka kumi na tisa. Na ole wako uziite treni za kuchezea!

Hita ya maji ilikufa Jumatano. Na hita ilikuwa ndani ya mlima.

"Niliacha mlango mlimani," Delmar alijitetea.

Kweli aliuacha. Halafu mwaka jana akapitisha reli mbele ya mlango huo, eti kwa muda, kwa sababu kona ya zamani ilikuwa kali mno kwa mabehewa ya makaa.

"Kwa hiyo makaa yapinde kona vizuri, mimi nioge barafu?"

"Leo Jumamosi, mama. Wenzangu wanakuja kuendesha. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya juu au ya chini?"

Maana saa ya ukutani kule chini ilikimbia mara sita, ili siku nzima ya treni iishe kwa saa nne. Mwezi uliopita Delmar aliopoa mkate wa nyama kwenye oveni baada ya dakika kumi, akiapa umekaa saa nzima.

Saa kumi na mbili jioni angefika Verna, dada yake Ardith, ambaye tangu siku ya harusi hajaacha kuuliza mdogo wake alimpendea nini mwanamume yule. Kumkabidhi Verna kikombe na sufuria ya tambi? Thubutu. Ardith akampigia simu fundi bomba.

Wendell Trimboli alifika saa nane na mkoba wa spana, akashuka. Ardith akatega sikio asikie nyundo. Akasikia kicheko. Dakika ishirini zikapita. Alipochungulia ngazini aliona wanaume sita, kila mmoja na rimoti na karatasi za mzigo, na wa sita alikuwa fundi wake, kofia ya dereva wa treni kichwani.

"Trimboli!"

"Nakuja, mama, nakuja! Nina mabehewa manne ya kiwanda cha karatasi."

"Hatoki," alisema Orville Stahl, mzee aliyekaa mezani akitoa ruhusa za njia, bila hata kuinua macho. "Yuko njia kuu. Asubiri treni namba kumi na nne ipite."

Ardith alipanda jikoni, akarudi na kisu cha mkate.

Uso wa Delmar ukasawijika. "Ardith. Mke wangu. Ile misonobari nimeipanda mmoja mmoja."

"Na mimi watoto wako niliwazaa mmoja mmoja. Sogea."

Delmar alimtazama, akatazama kisu, akageuka. "Stahl! Andika: maporomoko ya mlima. Treni zote zisimame!"

Stahl akaandika, akaweka na saa ya tukio. Treni zote zikasimama palepale, kwa utiifu ambao Ardith hajauonja katika miaka arobaini na miwili ya ndoa. Kumbe ndiyo hivyo tu! Siku nne anaomba hita. Angeomba maporomoko tangu Jumatano.

Mlima wenyewe ulikuwa plasta nyembamba juu ya ile plastiki nyepesi ya kufungashia televisheni. Ulikatika kama keki. Delmar alifungua reli kwa mkono wake, akapokea misonobari kwenye kofia kama anayepokea mayai. Trimboli akaingia shimoni, akabadilisha kipuri cha ukubwa wa kidole. Robo saa. Ya juu.

Saa kumi na moja Ardith alikuwa amejifungia bafuni, maji ya moto yamemfika shingoni. Mlango ukagongwa.

"Ardith? Kile kisu kina meno mazuri kweli ya kukatia milima. Usikirudishe jikoni. Pale shimoni tunaweka daraja la kuinuka, ili fundi apite. Trimboli amekubali kutusaidia." Akagonga tena. "Atakuja kila Jumamosi."

Ardith akazamisha kichwa majini.