Viatu vya Kusimamia

Mume wangu ni kinyozi, na wateja wake wanamwita Mstari. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa kwa sababu ya ule mstari anaouchora kwenye paji la uso, kutoka panda hii ya uso hadi ile, ambao hata ukiuwekea rula hukuti kosa. Mimi ni fundi cherehani, mstari ulionyooka naujua nikiuona. Nilianza kumpenda mtu huyu kabla hatujasalimiana, kwa kutazama tu vichwa vya wanaume waliokuwa wakitoka dukani kwake. Wenzangu walikuwa wanatazama sura na mifuko. Mimi nilitazama kazi.

Mwaka jana mstari ukaanza kupinda.

Aliyeniletea habari ni mdogo wake, anayenyoa kwenye kiti cha pili. Alikuja mchana kwenye chumba changu cha kushonea, uso umemshuka kama mtu anayetoka kuzika.

"Shemeji," akasema, "asubuhi kaka yuko sawa kabisa. Ikifika saa nane anaanza kuegemea kiti. Saa kumi anamwegemea mteja. Jana kuna karani katoka pale nywele za mbele zimepanda upande mmoja kama kilima. Hakusema kitu, kashukuru, kaenda zake. Lakini yule harudi."

"Ni macho?"

"Macho gani! Miguu."

Kwamba miguu inamsumbua nilijua. Kila jioni nilimwekea beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nisichojua ni kwamba maumivu yamepanda mpaka mkononi. Nilipombana alikataa, akanuna, halafu akakiri. Aliniambia kwamba ukisimama juu ya maumivu mwili mzima unatafuta pa kukimbilia, na mkono nao unakimbia. Tena walikuwa wamekwisha kukubaliana na mdogo wake: miguu isipotengemaa mpaka mwisho wa mwezi, atamwachia kiti cha mbele, kile kinachotazama mlango, na yeye atakaa kwenye benchi kupokea wateja na kukunja taulo. Aliyasema hayo akitazama ukuta. Ana miaka ishirini na miwili nyuma ya kiti kile. Niliumia.

Tulikuwa na wiki tatu.

Mtu mwingine angekwenda dukani akanunua viatu vingine, basi. Mume wangu alianza upelelezi. Miaka yote alikuwa mtu wa vichwa. Ukimwuliza habari za jirani fulani atakwambia, "Aa, yule mwenye kovu kisogoni." Sasa akageukia chini. Mteja akiingia, kabla ya salamu, jicho liko kwenye soli. Na kinyozi ana bahati ambayo hata polisi hawana: mtu akishafungwa kitambaa shingoni na wembe uko karibu na sikio, anajibu kila anachoulizwa.

"Wewe kazini unasimama muda gani? Hicho kisigino ni mpira au nini? Hebu nyanyua mguu nione."

Muuguzi mmoja, kijana mpole, akaapa kwamba hakuna kama viatu vya mpira vyepesi vya kuchomeka, maana ukimwagikiwa na kitu unaosha tu. Mpishi wa hoteli akasema upuuzi, kiatu bila kisigino kinakumaliza mgongo. Mlinzi wa benki alivua buti palepale kuonyesha siri yake, ambayo ni soksi mbili kila mguu, na ikabidi mlango wa nyuma ufunguliwe duka lipate hewa. Mhubiri akasema akisimama kuhubiri hasikii miguu hata kidogo, kwa sababu anakuwa anazungumza.

"Huyo hanifai," Mstari akaniambia. "Mimi nikinyoa lazima kuna wakati ninyamaze."

Ugonjwa ule ukanihamia na mimi. Nilianza kukaa na cherehani yangu dirishani, mguu mmoja kwenye kanyagio, macho kwa miguu ya wapita njia. Sikujua kumbe miguu ina mengi hivyo. Dada wa duka la dawa, ng'ambo ya barabara, ambaye mbele ya wateja amenyooka kama picha, nyuma ya kaunta amechomoa visigino vyote viwili na kukanyaga viatu kama ndala. Mwalimu wa mwanangu soli zake zimelika upande wa nje, zote mbili, kana kwamba darasani anasimama kwenye mteremko. Nikimaliza kushona pindo nalisahau pale pale, nipo kwenye viatu. Mteja mmoja akaniuliza kama nimedondosha sindano.

Aliyemponza mume wangu ni mwalimu wa michezo. Huyo alimsifia raba za kukimbilia, nyepesi, chini sponji nene, juu kitambaa cha wavu ili mguu upumue. Mstari akazinunua asubuhi kabla ya kufungua duka. Alikaa kwenye benchi la muuzaji, akazivaa, akatembea hatua tatu, akatoka anachekelea peke yake.

Kufika saa tano asubuhi miguu ilikuwa inamwasha. Saa saba alikuwa anarukaruka nyuma ya mteja. Jioni alipovua soksi nyumbani nilipigwa na butwaa: nyayo na vidole vimejaa vinywele, vifupi, vikavu, vimepenya kwenye wavu, vikapenya soksi, vikasimama kwenye ngozi kama miiba. Tuliketi kwenye ngazi ya mlango, mguu wake pajani kwangu, mimi na kibano ninachochomolea nyuzi, namtoa nywele za watu kumi na wanne.

"Hii nyeupe ni ya mhasibu," akasema.

"Usinichekeshe, nitakuchoma."

"Na ile sponji, mke wangu, ni godoro. Hebu fikiria mtu anasimama juu ya godoro, mkononi ana wembe."

Akaenda kwenye buti, ushauri wa mlinzi, soksi mbili na yote. Nywele hazikupita, hilo kweli. Lakini buti zile zilikuwa nzito, na yeye si mtu wa kulinda mlango. Siku ya pili akarudi anaburuta miguu. Siku ya tatu akarudi na furushi la taulo za dukani, akaketi, akaanza kuzikunja moja moja, pembe kwa pembe, taratibu.

"Za nini hizo?"

"Nazoeazoea," akasema.

Hapo nikakasirika. Sikumkasirikia yeye, ingawa ndiye aliyepata vidonge vyake. Nilimwambia aache taulo na asimame. Nikatandika sakafuni karatasi ya kukatia ruwaza, ile ninayochorea magauni, nikamwambia akanyage bila viatu.

"Unanipima? Mimi navaa arobaini na mbili."

"Nani kakwambia?"

Akafikiri. "Muuzaji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Na kiuno chako cha miaka kumi na tisa kiko wapi?"

Akakanyaga. Nikapiga magoti na penseli, nikauzunguka mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Alikuwa anatekenyeka, anacheka na kugugumia, na mimi namwambia atulie mistari isije ikapinda. Kisha nikachukua kile kiatu chake cheusi cha kazini, alichokivaa miaka yote, nikakiweka juu ya mchoro.

Mguu ulimwagika. Ulitokeza mbele, ulitokeza pembeni kwenye kidole kidogo. Wa kushoto ulizidi hata wa kulia, kwa upana wa kucha yangu. Nilicheka, halafu nikaacha. Mimi ndiye ninayemshonea suruali, shati, hata koti la harusi ya mdogo wake. Nimempima shingo, kifua, mkono, kila mahali. Sijawahi kumpima mguu. Nilijisikia vibaya, na nikamwambia hivyo hivyo.

Yeye hakusikia. Alikuwa ameshika kiti cha jikoni, anakizunguka taratibu, mikono hewani kama ana kichwa cha mtu mbele yake.

"Tazama," akasema. "Tazama! Wa kulia ndio unaotembea. Wa kushoto hauondoki. Wa kushoto nimeusimamia miaka ishirini na miwili."

Hajawahi kufurahi hivyo tangu mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa.

Kesho yake nilimfuata kazini jioni, akiwa amesimama siku nzima na miguu imevimba, kwa sababu nguo ya mtu mnene huijaribu akiwa ameshiba. Siku zilizobaki zilikuwa nne. Tulikwenda duka lingine la viatu, karatasi zangu mbili nimezikata vizuri, nimezikunja kwenye mkoba. Muuzaji alikuwa bwana mwenye tumbo na nywele nyingi zisizo na mpango. Nikatandaza nyayo za karatasi juu ya kaunta. Akazitazama, akatutazama.

"Mwenyewe yuko wapi? Au ndiyo mmeleta karatasi tu?"

Tulichagua pamoja. Nilitaka ngozi laini iliyofunga, isiyopitisha unywele. Nilitaka mbele papana. Mume wangu alikunja kila kiatu: kinachokunjika katikati akakirudisha, kinachokunjika kwenye vidole akakibakiza. Mimi nikaingiza mkono ndani kutafuta mshono, maana mshono uliokaa vibaya najua unavyokula mtu, iwe ni kwapa au ni kidole. Zikabaki jozi tatu, namba arobaini na nne, na soli ya kuongezea ndani ya kiatu cha kulia.

"Arobaini na nne!" Mstari akanong'ona. "Nitaonekana nimeazima."

"Vaa."

Akavaa jozi ya kwanza. "Haya baba, tembea tembea," muuzaji akasema.

"Hatembei," nikasema mimi. "Ni kinyozi. Anasimama."

"Sasa mama, nimsimamishe hapa mpaka lini?"

"Nguo yangu haitoki mpaka mtu akae nayo, ainame, anyanyue mikono. Kiatu nacho kifanye kazi yake. Muda wa kichwa kimoja unatosha."

Bwana yule akacheka mpaka tumbo likatikisika. Kisha akamwona mume wangu anavyozitazama nywele zake, akaacha kucheka. Mstari haachi mashine yake dukani, hutembea nayo kwenye begi kama daktari. Dakika mbili hazikupita muuzaji alikuwa amekalishwa kwenye kigoda, karatasi ya kufungia viatu imemzunguka shingo, na wateja wawili wameacha walichojia wanatazama.

Kichwa kile kilinyolewa kwa jozi tatu. Upande wa kulia ulinyolewa kwa jozi ya kwanza, na kufika sikioni Mstari akasema, "Inabana kidole kidogo." Akabadilisha, kichwa kikabaki nusu. Kisogo kikanyolewa kwa jozi ya pili. "Kisigino kinacheza." Akavaa ya tatu, akamaliza upande wa kushoto, akazunguka, akaja mbele. Hapo akanyamaza. Nami roho ilikuwa juu, maana kilichobaki ni paji la uso, na saa ilikuwa kumi na mbili kasoro, saa ambayo mwezi mzima mkono wake ulikuwa unakimbia.

Aliinama kidogo. Mguu wa kushoto ulikuwa umetulia chini, wote, na vidole vyake vyote. Akachora.

Sikuhitaji rula. Muuzaji akataka kujiona, na kioo pekee mle dukani ni kile cha viatu, kinachoegemea ukuta sakafuni. Basi bwana mzima na tumbo lake akapiga magoti, akainamisha shingo, akajitazama kushoto na kulia. Mmoja wa waliosimama akauliza kinyozi huyu anapatikana mtaa gani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa ya kuelekea kufunguliwa shule, siku ambayo kila mwenye mtoto humleta kunyolewa. Nilikuwa jikoni jioni nilipomsikia mdogo wake akipita dirishani.

"Shemeji, kiti kile nimekikosa!" akapiga kelele, anacheka, kama aliyetua mzigo. "Kachora mpaka mtoto wa mwisho!"

Mume wangu akaingia. Nilikuwa nimeshaweka beseni, akalipita. Akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, bega kwenye mwimo, akaanza kunieleza: mtoto aliyelia mpaka kinyozi akaona huruma, baba aliyetaka mwanawe anyolewe kama yeye na yeye mwenyewe ni kipara, na karani wa nywele za kilima kwamba bado hajamwona lakini atamtafuta. Aliongea, akaongea. Nikakoroga sufuria, nikaepua, bado amesimama anaongea.

Sikumbuki mara ya mwisho aliposimama mlangoni pale. Miaka mingi alikuwa akirudi anapita moja kwa moja kwenye kiti, anafumba macho, ukimuuliza anajibu "mm." Sikuwahi kumwambia mtu, hata mama yangu, lakini nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba mume wangu amenichoka.

"Si ukae?" nikamwambia.

"Nitakaa," akasema. "Ngoja kwanza nimalize kukwambia."