Baba mkwe na mkamwana walivyokutana mwishoni mwa mfereji wa kite kule Mtera, sijakaa sawa mpaka leo

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mliojifungia chooni na simu.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu mawili. Atakayesema ni chai aongeze sukari anywe, mimi sipungukiwi kitu.

Mimi ni Mhehe wa hapa Iringa, dereva wa pickup. Kazi yangu ya siku zote ni kutoa vitunguu Ruaha Mbuyuni kuleta mjini. Ila kila mwaka upepo ukichachamaa kule Mtera, kuna wazungu na Wabongo wachache wanafanya mashindano ya spidi ya kitesurfing. Wale jamaa wanaosimama kwenye ubao juu ya maji huku wanavutwa na tiara kubwa kama turubai la Fuso.

Kwa ambaye hajawahi kuona, iko hivi. Pembeni ya bwawa pamechimbwa mfereji mwembamba, maji ya kiunoni, umenyooka. Anaachiwa mmoja mmoja, GPS mkononi, anapaa nao mpaka mwisho. Anayepata spidi kubwa kuliko waliomtangulia miaka yote anaandika rekodi.

Kurudi kwa maji haiwezekani, upepo unasukuma upande mmoja tu. Hapo ndipo napata ulaji. Pickup inakimbia ukingoni sambamba na mshindani, inamzoa kule mwisho na vitu vyake, inamrudisha mwanzo. Siku nzima kazi ni hiyo.

(Najua kuna mtu atauliza mamba. Wapo. Mdomo wa mfereji umewekwa wavu. Tuendelee.)

Sasa wahusika. Rafiki yangu Ipyana, Mnyakyusa wa Tukuyu, ana mke anaitwa Tusekile. Walikutana kwenye kazi ya hoteli huko pwani, na huko ndiko shem alikojifunzia kite kwa wageni. Walipohamia Iringa tukawa majirani.

Ipyana mwenyewe kite haiwezi kabisa. Alijaribu mara moja tukaenda kumwokota kwenye miiba. Kazi yake ni kumshikia mkewe tiara wakati wa kuanza, basi.

Shem alikuwa anaitafuta rekodi ya wanawake. Miaka yote inashikiliwa na wageni, na mwaka huu alikuwa ameikaribia mno. Watu wa vipimo wenyewe walisema siku ya mwisho upepo ukikaa vizuri anaichukua. Hata kula alikuwa hali vizuri, ukimsalimia anakujibu habari za upepo.

Tatizo lilikuwa ukweni.

Hapa nieleze kidogo kwa wasiojua. Kwa Wanyakyusa wa asili, mkamwana na baba mkwe hawaonani macho kwa macho. Mzee akitokea njiani, mkamwana anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hawali pamoja, hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja. Siyo ugomvi, ni heshima, tena kubwa sana. Vijana wengi siku hizi wameacha, ila baba yake Ipyana ni wa zamani kwelikweli, na shem naye kalelewa hivyohivyo. Tangu aolewe hajawahi kumtazama mzee usoni.

Haya, kamwambie mzee wa namna hiyo kwamba mkamwana wake anavaa nguo ya mpira inayobana mwili, halafu anakimbizwa na upepo mbele za watu.

Ipyana akaona atafute njia ya mkato. Akampigia mzee simu akasema anayeshindana ni yeye. Kila mwaka uongo ni huohuo, na kila mwaka mzee anazunguka kijijini anajisifia kwamba mwanangu anaruka juu ya maji. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka tu, nikijua Tukuyu na Mtera ni mbali.

Siku ya mwisho ikafika na upepo wa kung'oa mabati.

Shem akajipanga. Kofia ngumu, miwani, nguo nyeusi kuanzia shingoni mpaka miguuni. Ukimwangalia kwa mbali hujui ni mwanamume au mwanamke. Ipyana akashika tiara, mimi nikawasha gari.

Akaachiwa.

Wakuu, mimi naendesha gari tangu ujana wangu. Siku ile nilikanyaga mafuta mpaka mguu ukafika chini, na shem akaniacha. Nilikuwa napiga kelele peke yangu mle ndani kama mwendawazimu, maana hata bila GPS niliona kabisa kwamba rekodi hii inakwenda.

Mwisho wa mfereji kulikuwa na mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki. Koti jeusi zito, kofia ya pama. Sikumfahamu. Baadaye ndiyo nikaambiwa alifika na basi mchana uleule bila kumwarifu Ipyana, akawaambia watu wa mapokezi kuwa yeye ni baba wa mshindani, akataja ukoo. Ukoo kwenye orodha upo, maana shem anatumia jina la mumewe. Nao kwa heshima wakampeleka mbele kabisa, mahali pa kuona vizuri.

Mzee alipoona mtu wake anakuja akasimama, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Shem akamwona, akalitambua lile koti na ile kofia.

Zilikuwa zimebaki mita chache tu amalize. Aligeuza uso, na siyo uso peke yake, aligeuka mwili mzima, kama mtu anayetafuta migomba ya kuingia. Ubao ukachoma maji. Akarushwa hewani, akapiga maji kwa bega, akazama. Tiara ikaangukia ukingoni na ikaanza kujaa upepo tena, huku kamba zake zimemkamata mguu. Ikipaa tu, inamburuza kwenye mawe mpaka basi.

Nilifunga breki nikashuka.

Yule mzee hakusubiri mtu. Alijitupa juu ya ile tiara na koti lake, akailalia mpaka ikanywea. Vijana wa usalama walipofika kuishika, yeye akaingia majini na viatu vyake, anaita, "Ipyana! Ipyana, mwanangu!"

Hapo ndipo nilipojua huyu mzee ni nani.

Akamfikia, akamgeuza. Miwani ilikuwa imetoka.

Mzee akaona ni sura ya kike, akajua ni mkamwana wake.

Shem alikuwa anatapika maji, hajui hata yuko wapi. Lakini mikono yake ikapanda, ule mzima na ule uliovunjika bega, ikafunika uso. Mtu anaelekea kufa bado anamstahi mkwe. Sijawahi kuona kitu kama kile na sitaki kukiona tena.

Naapa nilidhani mzee atamwachia. Nilikuwa nimeshaingia majini, nimenyoosha mikono nimpokee.

Mzee akageuza shingo, akatazama milima ya upande wa Isimani. Macho hayakurudi tena chini. Akiwa anaitazama milima vilevile, akapitisha mikono yake, akambeba kama mtoto, akatembea kwa kupapasa na miguu mpaka nchi kavu. Akamlaza. Akavua koti, akamfunika kuanzia kichwani. Kisha akakaa chini akampa mgongo, amelowa chapachapa.

Ipyana akafika anahema. Mzee hakumpiga wala hakufoka. Alimuuliza tu, "Ni mwaka wa ngapi huu unaniambia ni wewe?" Ipyana akapiga magoti.

Tukampeleka shem hospitali mjini. Rekodi ndiyo ikapotea hivyo. GPS yake ilionyesha alikuwa ameipita, mpaka pale alipogeuka.

Lakini rekodi hata hakuiulizia. Alikuwa analia kwamba ndoa yake imekwisha, amemvunjia mzee heshima, amebebwa na mkwe. Ipyana naye kanywea kabisa. Mzee alikuwa anashinda kwenye benchi la nje, haingii wodini, haondoki. Sote tulijua anasubiri apone ili atamke kumrudisha kwao.

Siku ya kutoka, mzee akaniita mimi, kwa sababu mimi si wa ukoo.

Akaniambia, "Nenda kamwambie huyo wa ndani, mwakani arudi kwenye maji. Mimi nitakaa kule wanakoanzia. Kule atakuwa amenipa mgongo."

Niliingia nikamwambia shem neno kwa neno. Alilia mpaka nesi akaja kunifokea, akidhani nimeleta taarifa ya msiba.

Nilichojifunza ni kimoja. Tunawaficha wazee wetu mambo tukidhani yatawashinda, kumbe kilichomuumiza yule ni uongo wa mwanae, wala siyo ile nguo ya mpira. Angejua mapema angejichagulia pa kukaa, na rekodi leo ingekuwa ya Tusekile.

Wanyakyusa mliomo humu, naomba mnielimishe: mkwe akimbeba mkamwana namna ile, kimila kuna cha kufanya au yameisha? Na wewe mwingine, kuna jambo gani unawaficha wazazi mpaka sasa? Liweke hapa, mimi nimeshaanza na la Ipyana.