Kelele Ndani ya Mlango

Kwa miaka ishirini na nane nimewachosha watu kwa habari za magari. Shemeji zangu wakiniona naingia sebuleni huongeza sauti ya televisheni. Najua bati la zamani lilivyokuwa zito, najua mlango wa siku hizi ukifungwa unalia kama kopo la maziwa, na najua viwanda vimeacha wahandisi vikaajiri wachora skrini. Hakuna aliyeniuliza.

Gari letu la sasa ndilo jipya la kwanza maishani mwetu. Mwezi wa pili tu, mlango wa dereva ukaanza kugonga. Tok, tok, kila tuta. Moyo wangu, lazima nikiri, ulifurahi. Nikawaandikia wauzaji barua tatu. Ya tatu ilikuwa na mchoro.

"Na kama kosa ni lako?" mke wangu aliuliza. Yeye alikuwa anakwenda kazini kwa basi, kwa sababu nilikataa kumwachia usukani. Nilidai klachi haiupendi mguu wake.

"Likiwa langu, chukua funguo. Moja kwa moja."

"Nimekusikia, Baba Watoto."

Siku ya kwenda karakana ya wauzaji alifuatana nami, amevaa viatu bapa.

Fundi mkuu alikuwa mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Aliniacha nimhubirie unene wa bati mpaka nikaishiwa pumzi. Kisha akabandua ubao wa ndani wa mlango, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa spana namba kumi. Ilikuwa na utepe mwekundu, ule ninaozungushia vifaa vyangu vyote ili jirani asijisahau navyo.

"Mzee," akasema taratibu, "kiwandani hawafungi utepe."

Ikabidi nieleze. Siku moja kabla ya kelele kuanza, niliufungua mlango huo mwenyewe, nione kama wametuwekea chuma au karatasi.

"Ukakuta nini?"

"Chuma," nikasema. "Kizuri tu."

Mke wangu hakucheka. Angecheka ningepona. Alinyoosha kiganja, nami nikaziweka funguo humo, nikazunguka hadi kiti cha abiria, ambacho kweli kinaumiza mgongo, kama alivyokuwa akilalamika tangu siku ya kwanza nami nikimwambia akae vizuri.

Aliendesha vizuri. Hilo nalo liliniuma. Klachi ilimtii bila kinyongo, na mlango ulikaa kimya kama mtu aliyeombwa radhi. Halafu, kwenye tuta la pili, kitu kikalia chini ya kiti cha nyuma. Kwi, kwi. Plastiki, bila shaka. Plastiki nyembamba, ya kubana matumizi! Hotuba nzima ilikuwa tayari kooni.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia kitu, Mama Watoto."

"Vizuri," akasema, akaingiza gia ya nne.